Arubuni Umelipa, Gari Halijaja: Ungoje au Udai Chako?

Swali: Huu ni mwaka wa tatu nangoja gari la umeme kutoka kampuni mpya. Niliweka arubuni siku ileile walipoanza kupokea oda. Tarehe ya kukabidhiwa imesogezwa mara tatu, na kila mara inakuja barua pepe yenye picha nzuri na maneno "tunakushukuru kwa subira yako". Wiki iliyopita wamenitaka nithibitishe rangi na aina ya betri, kisha niongeze malipo makubwa ili nisipoteze nafasi yangu. Bei nayo imepanda. Nikipiga simu, kila anayepokea ana jibu lake. Mke wangu anasema nimetapeliwa. Je, hawa ni matapeli au ndivyo magari yanavyotengenezwa? Na hilo ongezeko nilipe? – *Mchovu wa Foleni*

Jibu: Ndugu Mchovu, nianze na lenye haraka. Hilo ongezeko usilipe bado. Sisemi hivi kwa kuwa nimeshaihukumu kampuni yako. Hukuitaja, na hata ungeitaja nisingeweza kuona ndani ya kiwanda chao kutoka hapa nilipokaa. Nasema hivi kwa sababu mtu mwenye deni lako hakopeshwi tena kabla hajaonyesha la kwanza atalilipaje.

Sasa hilo la utapeli. Nimefanya kazi kwenye viwanda vya magari kwa miaka mingi, upande wa vipuri vinavyonunuliwa nje. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kilichoagizwa kimefika, kinalingana na mchoro, na kimefika kwa idadi inayotakiwa. Kwa hiyo zile barua pepe unazopokea nimezijua kwa upande wa pili, pale zinapoandikwa. Mara nyingi anayeziandika si tapeli. Ni mtu aliyebanwa, ambaye yeye mwenyewe hajui gari lako litatoka lini.

Nikupe mfano. Kampuni moja niliyoifanyia kazi, nayo ikiwa changa, ilifika mahali ikawa na magari yapata tisini yamepangwa uani. Yameunganishwa, yana betri, taa zinawaka. Hayakuweza kuondoka kwa sababu ya mpira wa kuziba mlango wa nyuma. Mpira mtupu. Ulikuwa umezidi mchoro kwa chini ya milimita moja, na hiyo ilitosha: mlango ukiufunga kwa upole unagoma, ukiubamiza unafunga lakini kioo kinatetemeka. Kila asubuhi nilizunguka na kijana wa ukaguzi mwenye kipande cha karatasi mkononi. Anakiweka kwenye ukingo wa mlango, anafunga, anakivuta. Kikichomoka kirahisi, hapo maji ya mvua yatapita. Kikikwama kama kimegandishwa, mpira umebana kupita kiasi. Mlango mmoja tulikuwa tunaujaribu sehemu kumi na mbili. Mgavi wa mpira alikuwa na kalibu moja tu, yaani chombo kimoja cha kuumbia mpira, na sisi tulikuwa wateja wake wadogo kuliko wote, kwa hiyo kalibu ikirekebishwa, oda za wakubwa zinatangulia. Tulikaa hivyo wiki saba. Katika wiki hizo wateja walipelekewa barua iliyosema tunaboresha viwango vya ubora. Haikuwa uongo, lakini haikumwambia mtu kitu.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchelewa, na ndiyo kubwa. Kampuni changa hainunui kama mkubwa. Mgavi anayewauzia vipuri watengenezaji wa mamilioni ya magari kwa mwaka hawezi kusimamisha mtambo wake kwa ajili ya mtu anayetaka vipande elfu tatu. Na kinachokosekana mara nyingi si kile unachokidhania. Lucid, kampuni changa ya Marekani yenye gari la umeme liitwalo Air, walianza 2022 na lengo la magari 20,000. Februari wakalishusha hadi kati ya 12,000 na 14,000, Agosti wakalishusha tena hadi kati ya 6,000 na 7,000, na mwaka ukaisha wakiwa wametengeneza 7,180. Dunia nzima ilikuwa inalia upungufu wa chipu za elektroniki. Wao walitaja vioo na mazulia ya sakafuni.

Sababu ya pili ni kiwanda chenyewe. Watu hudhani gari likishaundwa moja, la elfu ni kurudia tu. Ukweli ni kinyume: gari la mfano linaundwa na mafundi bingwa wanaoweza kukwangua, kupinda na kusawazisha kwa mkono kila kisichokaa vizuri. Mstari wa kuunganishia hauna nafasi hiyo. Kila hatua ina dakika zake, na hatua moja ikisuasua, mstari mzima unasimama. Tesla walipofungua oda za Model 3 tarehe 31 Machi 2016, watu wapatao 325,000 waliweka dola 1,000 kila mmoja ndani ya wiki moja. Magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa Julai 2017. Elon Musk, mkuu wa Tesla, alitabiri kwamba Septemba ya mwaka huo peke yake ingetoa zaidi ya 1,500. Robo nzima, Julai hadi Septemba, ilitoa 260. Lengo la magari 5,000 kwa wiki, ambalo lilikuwa la mwisho wa 2017, lilifikiwa mwisho wa Juni 2018, tena kwa kuongeza mstari mwingine chini ya hema kubwa nje ya kiwanda cha Fremont.

Musk baadaye alikiri kwamba walizidisha roboti. Kuna kisa alichosimulia ambacho huwa nakirudia kwa vijana wanaoanza kazi. Juu ya pakiti ya betri kulikuwa na mikeka ya nyuzi za kioo, na roboti iliyopewa kazi ya kuiokota ilikuwa inashindwa kila mara, kwa sababu kitu laini hakishikiki vizuri kwa mkono wa chuma. Uzalishaji wa betri ukakwama hapo. Alipouliza mikeka ni ya nini, watu wa betri wakasema ni ya kupunguza kelele. Watu wa kelele wakasema ni ya kuzuia moto. Wakapima kelele gari likiwa na mikeka na likiwa halina, hawakusikia tofauti. Mikeka ikaondolewa. Fikiria ni wateja wangapi walikuwa wanaamka asubuhi kuangalia barua pepe huku gari lao limekwamishwa na mkeka usiohitajika.

Na kuna jambo la foleni yenyewe ambalo sijaona kampuni ikilieleza wazi. Kama uliagiza toleo la bei ya chini, haupo kwenye foleni unayoidhani. Kampuni changa hupata hasara kwenye kila gari la mwanzo, kwa hiyo huanza na matoleo ya bei ghali ili hasara ipungue. Toleo la Model 3 la dola 35,000, ambalo ndilo lililowakusanya watu mlangoni mwaka 2016, lilianza kuagizwa mwisho wa Februari 2019. Aliyelipa arubuni siku ya kwanza akitaka lile alipitwa na waliokuja baadaye wakitaka betri kubwa. Sasa wewe wanakutaka uthibitishe betri. Waulize waziwazi: toleo nililochagua limeshaanza kutengenezwa, ndiyo au hapana?

Mpaka hapa naonekana kama nawatetea. Basi nigeuke.

Kuchelewa kwa sababu ya kutengeneza ni ugonjwa wa kawaida. Kuchelewa kwa sababu ya fedha ni ugonjwa mwingine, na kwa nje vinafanana: barua pepe ileile, picha ileile, shukrani zilezile kwa subira. Tofauti iko kwenye vitu vinavyohesabika. Kampuni iliyokwama kwenye kazi hata ikibanwa huwa na kitu cha kusema: wiki hii tumetoa magari kadhaa, tunangoja kipuri fulani, kinatarajiwa mwezi fulani. Kampuni iliyoishiwa hela huongea kuhusu ndoto. Inazindua modeli ya pili wakati ya kwanza haijafika kwa mtu. Inatangaza idadi ya oda badala ya idadi ya magari yaliyokabidhiwa. Na inaanza kutafuta fedha mifukoni mwa wateja, kwa jina lolote litakalopendeza: kuthibitisha nafasi, kufunga bei, kupata kipaumbele.

Hilo la mwisho si geni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Preston Tucker wa Chicago aliahidi gari la kisasa kuliko yote yaliyokuwapo. Fedha zilipopungua, akawauzia watu vifaa vya gari ambalo bado halikuwapo: vitambaa vya viti, redio, mabegi ya safari. Aliyenunua alihakikishiwa nafasi kwenye foleni. Zilikusanywa zaidi ya dola milioni 2. Magari yaliyopata kutengenezwa ni 51, ukihesabu na lile la mfano. Tucker alishtakiwa kwa ulaghai, na Januari 1950 mahakama ikamwachia huru. Naamini mahakama ilikuwa sahihi, maana magari yale yalikuwa ya kweli na mengi bado yapo. Lakini mtu mwenye mabegi ya safari na hana gari, kuachiwa kwa Tucker kulimsaidia nini? Ndiyo maana swali la mke wako, kwamba ni matapeli au siyo, mimi siliweki mbele. Mtu mwaminifu pia anaweza kupoteza hela yako.

Kama kampuni yako imeandikishwa kwenye soko la hisa, una bahati, kwa sababu inalazimika kuanika hesabu zake mara kwa mara. Usisome barua ya mkurugenzi. Nenda kwenye fedha taslimu zilizobaki, kisha tafuta walitumia kiasi gani robo mwaka iliyopita, ugawanye. Ikiwa jibu ni robo mbili au tatu na hakuna mwekezaji mpya aliyetangazwa, ujue mko kwenye mashua moja na inaingiza maji. Tafuta pia sentensi inayosema kuna shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli. Hiyo haiandikwi kwa mapambo. Fisker, kampuni nyingine changa, yenye gari la umeme liitwalo Ocean, walitoa onyo la namna hiyo mwisho wa Februari 2024, na Juni mwaka huohuo wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Tena wao magari walikuwa nayo: mwaka 2023 yalitengenezwa zaidi ya 10,000 kwenye kiwanda cha Magna kule Graz, Austria, lakini yaliyowafikia wanunuzi yalikuwa karibu nusu tu. Kwa hiyo ukisikia "tumetengeneza", uliza "mmekabidhi mangapi".

Waliopata hizo Ocean nao hawakupona. Kampuni ikifa, gari la siku hizi halibaki zima, kwa sababu programu zake hutegemea seva za mtengenezaji na vipuri vyake havipo kwa fundi wa kawaida. Wenye magari wakalazimika kuunda umoja wao ili wahangaikie vipuri na programu wenyewe. Nakutajia hili kwa kuwa najua kinachokuumiza sasa ni kukosa gari, na mtu mwenye kiu hachunguzi maji. Kupata gari la kampuni inayokata roho si lazima kuwe ushindi.

Turudi kwenye arubuni yako. Wengi huiona kama kipande cha gari ambacho tayari ni chao. Kwa kawaida siyo. Ukisoma masharti, utakuta umelipia nafasi ya kuagiza, na hela yako imechanganywa na hela nyingine za kampuni, ikatumika kulipa mishahara na umeme. Kwa maneno mengine umewakopesha bila riba na bila dhamana. Wakifilisika, unasimama kwenye mstari wa wadai, nyuma ya benki. Nchi nyingine zinamhurumia mteja kidogo: Marekani, sheria ya kufilisika humpa mnunuzi wa kawaida kipaumbele kwa arubuni yake, hadi dola 3,800 kwa kesi zilizofunguliwa tangu Aprili 2025. Lakini kipaumbele hicho ni cha kugawana kilichobaki, na wakati mwingine hakibaki kitu. Sono Motors wa Munich walipoachana na gari lao la Sion, Februari 2023, kulikuwa na oda zaidi ya 40,000, baadhi zikiwa zimewekewa fedha. Walichowaahidi wenye fedha ni kurudishiwa kwa awamu.

Tafuta kwenye masharti neno moja: inarudishwa au hairudishwi. Angalia vizuri pale unapoulizwa uthibitishe rangi na betri, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo arubuni inayorudishwa inapogeuka kuwa malipo yasiyorudishwa. Kitufe ni kimoja na maandishi ni madogo. Nimewahi kuona masharti yanayobadilika ukurasa wa pili, baada ya mteja kuchagua rangi ya viti.

Bei nayo iko humohumo. Arubuni mara nyingi haifungi bei isipokuwa masharti yaseme hivyo, ingawa kelele za wateja zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 1 Machi 2022 Rivian, kampuni changa ya magari ya umeme ya Marekani, walipandisha bei, kwa takriban asilimia 17 kwa pikapu yao ya R1T na 20 kwa gari lao la familia la R1S, wakawajumuisha hata waliokuwa wameshaagiza zamani. Watu wakafuta oda kwa hasira. Siku mbili baadaye mkurugenzi wao, RJ Scaringe, akaomba radhi na kuwarudishia waliotangulia bei yao ya mwanzo. Upande wa pili kuna Cybertruck, pikapu ya Tesla: 2019 ilitangazwa kuanzia dola 39,900 kwa arubuni ya dola 100. Magari ya kwanza yalipokabidhiwa Novemba 2023, bei ya chini kabisa iliyotajwa ilikuwa dola 60,990, na hilo la bei hiyo lilikuwa la kungoja hadi 2025. Hapo aliyeweka arubuni alikuwa na mawili: aongeze, au achukue dola zake 100 aende.

Kuhusu wale wa simu, nakuomba usiwagombeze. Kwenye kampuni ile ya mipira ya milango, watu wa huduma kwa wateja walikuwa wanajua tarehe imesogezwa asubuhi ileile mnayojua nyinyi, tena wengine kutoka kwa mteja aliyepiga simu akifoka. Kila mmoja ana jibu lake kwa sababu hakuna aliyempa jibu. Danadana unayopigwa wewe, nao wanapigwa.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningechagua tarehe yangu mwenyewe, si yao, labda miezi mitatu kutoka leo, nikamwambia na mke wangu ili nisiisogeze kimyakimya. Gari nililo nalo nisingeliuza. Ongezeko nisingelilipa mpaka gari langu lipewe namba ya chesisi, na malipo ya mwisho yangengoja mpaka nilizunguke gari lenyewe kwa macho yangu. Nikilazimika kulipa chochote, ningelipa kwa kadi badala ya kutuma benki kwa benki, kwa sababu malipo ya kadi yana njia ya kupingwa bidhaa isipofika. Ila njia hiyo ina ukomo wa muda, na baadhi ya kinga za kisheria zina ukomo wa bei. Uingereza, kwa mfano, kinga kuu ya malipo ya kadi ya mkopo haigusi kitu cha zaidi ya pauni 30,000, na magari mengi ya umeme hupita hapo. Piga simu benki kwako uulize kabla, si baada.

Kisha ningeandika barua. Unaweza kuichukua hii:

*"Niliweka oda namba … na kulipa arubuni ya … tarehe … . Kabla ya kuthibitisha chochote, naomba majibu ya maandishi. Toleo nililochagua limeanza kutengenezwa? Mmekabidhi magari mangapi ya toleo hilo kwa wanunuzi mpaka leo? Gari langu lina namba ya chesisi, na kama halina, litapewa lini? Malipo mnayoniomba yanarudishwa iwapo hamtakabidhi ifikapo tarehe … , na fedha hizo zinatunzwa wapi? Bei niliyokubali siku ya kuagiza inabaki? Nisipopata majibu ndani ya siku 14, naomba arubuni yangu irudishwe kwa njia ileile niliyolipia."*

Itume kwa barua pepe, na uhifadhi nakala pamoja na risiti na yale masharti ya siku ya kwanza. Yapige picha leo, maana kurasa za mtandaoni hubadilika. Wakikupa namba ya chesisi, usiishie kufurahi. Isome. Kwa magari ya soko la Marekani, alama ya kumi huonyesha mwaka wa modeli na ya kumi na moja kiwanda. Kampuni inayokuambia gari lako linatoka kiwanda kipya, huku alama hiyo ikitaja kingine, ina jambo la kukueleza kabla hujatoa hata senti.